Kabla hujasaini bima ya maisha inayolipwa na kampuni yako Marekani

Anza na jina la mnufaika. Kama kampuni ndiyo itakayolipwa mfanyakazi akifa, ada ya bima hiyo haipunguzi kodi. Tena mfanyakazi lazima aarifiwe na akubali kwa maandishi kabla bima haijatolewa. Mkipuuza hilo, fidia inayozidi ada mlizolipa itatozwa kodi.

Bima ya muda ya kikundi, yaani mkataba mmoja wa wafanyakazi wengi usio na akiba, ndiyo njia nyoofu. Ada ni gharama halali ya kampuni, na dola 50,000 za kwanza za bima hazimwongezei mfanyakazi kodi. Gharama ya kiasi kinachozidi hapo iandikwe kwenye W-2 yake, fomu ya mshahara na kodi ya mwaka.

Wewe mwenye kampuni usidhani kila mara unahesabiwa mfanyakazi. Katika kampuni ya aina ya S, ambayo faida yake hutozwa kodi kwa wenye hisa, ukiwa na zaidi ya asilimia 2 ya hisa, ada yako huandikwa kuwa mshahara wako.

Sasa hili lisome polepole. Shemeji yangu alikuwa na malori matatu. Mwaka 2013 alijiwa na wakala mwenye mpango wa "mfuko wa mafao". Kampuni ichange kila mwaka, mfuko ununue bima ya maisha yenye akiba, michango yote ikatwe kabla ya kodi, na baadaye akiba irudi kwake. Akaonyeshwa barua ya mwanasheria, akatulia. Hakuonyeshwa Notisi 2007-83, ambayo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, iliitoa Oktoba 2007, ikiiweka mipango ya namna hiyo kwenye orodha ya miamala ambayo ni lazima itangazwe.

Wakaguzi walipokuja, michango yote ilikataliwa. Akadaiwa kodi na riba. Tukadhani yameisha. Ikafuata faini ya kutojaza Fomu 8886, ile ya kutangaza miamala ya orodha hiyo: asilimia 75 ya kodi iliyopunguzwa, na kwa kampuni haishuki chini ya dola 10,000, kwa kila mwaka ambao fomu ilikosekana. Miaka ya nyuma nayo ilikuwa bado wazi, kwa sababu muamala wa orodha hiyo usiotangazwa haufungiwi muda wa ukaguzi. Malori mawili yaliuzwa. Dada yangu alirudi kazini zamu ya usiku. Wakala alikuwa ameshachukua kamisheni yake, na simu hapokei.

Kwa hiyo barua ya mwanasheria aliyelipwa na muuzaji isikutulize. Tafuta mhasibu asiyepata senti kwa bima hiyo, umwulize waziwazi: je, mpango huu unahitaji Fomu 8886? Ukiwa umeshaingia, nenda kwa mwanasheria wa kodi wiki hii, usingoje barua ya IRS. Tunza mikataba yote na risiti zote. Usisaini siku unayoletewa karatasi, hasa mwishoni mwa Desemba, wakati kila mtu anahangaika kufunga hesabu za mwaka.