Namna ya kumchagulia tandiko mbwa mwenye maumivu ya viungo

Kazi yangu ni kushona makochi na magodoro, hapa Mwanakwerekwe, Unguja. Mbwa nimewajulia kwa wateja: wenye nyumba za Fumba na Bububu wanaofuga mbwa wa ulinzi, na wasasi (wawindaji) wa kusini ambao mbwa wao huzeeka wakiwa na nyonga zilizochoka kwa mbio. Nimeshona matandiko mengi sasa, na ninaloliamini ni hili: uzuri wa tandiko hauujui kwa kulibonyeza dukani, unaujua asubuhi mbwa anapoinuka.

Hatua ya kwanza: mtizame alfajiri

Kabla hujanunua kitu, amka mapema siku mbili tatu umtizame anavyoamka. Mbwa mzima huinuka mara moja, akajinyoosha, akenda zake. Anayeumwa hutanguliza miguu ya mbele, akaivuta ya nyuma taratibu, na hatua za mwanzo hutembea kama aliyefungwa kamba. Hesabu hatua hizo hadi alainike. Iandike hesabu hiyo, tutaihitaji mwishoni.

Mpapase na viwiko. Mbwa anayelala juu ya saruji huota sugu pale, na mara nyengine hujaa maji pakawa kama kifuko. Hiyo ni dalili kwamba mfupa unagusa sakafu.

Lakini kama kuchechemea kumeanza ghafla, au kiungo kimevimba na kina moto, au mbwa ana kupe wengi na hataki kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza. Kupe wa mbwa huambukiza maradhi yanayovimbisha viungo, na hayo godoro haliyatibu. Nakusihi pia usimpe ibuprofeni wala diklofenaki za nyumbani. Dawa hizo zinaweza kumtia vidonda vya tumbo na kumharibu figo.

Hatua ya pili: mpime akiwa amelala

Usimpime amesimama. Subiri alale ubavu, amejinyoosha, kisha pima kutoka puani hadi shina la mkia na uongeze shubiri moja. Upana, pima kutoka mgongoni hadi ncha za miguu. Mwenye viungo vinavyouma hawezi kujikunja kutwa, na tandiko dogo humlazimisha ajikunje.

Hatua ya tatu: ujazo

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikosea. Tandiko langu la mwanzo lilikuwa la mbwa mzee wa aina ya German Shepherd, wale tunaowaita mbwa wa polisi, ambao wengi hurithi ubovu wa nyonga. Nilijaza usufi safi, laini kama wingu. Baada ya wiki mbili mwenyewe akaniita: mbwa amelihama, amerudi kwenye saruji. Nilipolala juu ya tandiko lile nikaelewa. Usufi ulikuwa umekimbilia pembeni, katikati pamebonyea, na mbwa akitaka kuinuka hana pa kukanyagia. Iliniuma sana, maana yule mnyama alikuwa akihangaika kila usiku kwa sababu ya kazi ya mikono yangu.

Tangu hapo natumia sponji nzito. Kwa mbwa wa kienyeji wa kawaida inchi 4 zinatosha, kwa mkubwa mwenye kilo 30 na zaidi nenda inchi 6. Piga goti moja juu yake kwa uzito wako wote. Ukiisikia sakafu, iache. Halafu mlaze mbwa, upenyeze kiganja chako kati ya sponji na sakafu, chini ya nyonga yake. Ukiusikia mfupa, sponji ni nyembamba.

Huna fedha ya sponji mpya? Godoro kuukuu linafaa, ila ukate upande wa miguuni. Katikati pamekwisha kushindiliwa na viuno vya watu, miguuni bado pana nguvu.

Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, nao una faida yake. Ni mgumu, unapitisha hewa, na hauozi upesi. Nautandaza chini kama tabaka la inchi moja hivi, sponji ikae juu, kwa sababu nyuzi zake zikigusa ngozi huchoma. Usumba wa Paje na Jambiani hutokana na makumbi yaliyofukiwa pwani miezi kadhaa, kwa hiyo una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Uoshe kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, uanike hadi ukauke kabisa, ndipo ujaze.

Hatua ya nne: mahali

Wengi wetu mbwa anakaa nje, bandani. Basi shida kubwa ni maji ya masika na baridi ya kipupwe inayopanda kutoka kwenye saruji. Tengeneza chaga za mbao zilizoinuka inchi 2 tu. Kitanda cha kamba sikipendekezi kwa mbwa mgonjwa: ni cha juu, kinabonyea, na kucha hunasa. Chagua upande usiopigwa na upepo wa kusi, na mbele ya tandiko weka jamvi kuukuu lililobanwa vizuri asiteleze anaposhuka.

Hatua ya tano: kifuniko

Shona viwili. Cha ndani kiwe cha turubai jepesi, kuizuia sponji isinywe mkojo, maana mbwa mzee huvujisha. Cha nje kiwe cha pamba nzito, chenye zipu au vishikizo. Turubai peke yake lina joto na linateleza.

Dini yetu ya Kiislamu imeruhusu mbwa wa ulinzi na wa kuwinda, na namna ya kujitoharisha na najisi yake tunaijua sote. Weka ndoo maalumu, glavu, na kamba ya kuanikia ya peke yake. Nimeona matandiko yakioza kwa sababu tu hakuna mtu nyumbani anayetaka kuyagusa, na anayeumia ni mnyama.

Hatua ya sita: mwachie alizowee

Usimburute. Liweke pale pale alipozowea kulala, tandika juu yake gunia lake la zamani lenye harufu yake, halafu muache. Baada ya wiki mbili amka tena alfajiri uhesabu hatua. Zikiwa zimepungua, endelea, na uligeuze tandiko kila mwezi. Zikiwa pale pale, rudi kwenye kipimo cha kiganja. Na kiganja kikiwa hakisikii mfupa lakini mbwa bado anajivuta, ile hesabu uliyoiandika mpelekee daktari wa mifugo.