Kupima dozi inayobaki ndani ya ngozi kwa mizani

Mistari ya bomba la sindano huonyesha kiasi kilichosukumwa, si kilichobaki ndani ya ngozi. Mtoto mchanga hupewa BCG, chanjo ya kifua kikuu inayochomwa ndani ya ngozi, ya 0.05 ml tu. Tone dogo likirudi juu ya ngozi, sehemu kubwa ya dozi imepotea. Pima kilichosukumwa na kilichovuja, tena kila kimoja peke yake.

Unahitaji mizani inayosoma hadi 0.1 mg, maji ya chumvi ya 0.9% yaliyotiwa rangi ya buluu kidogo, vichupa vyenye vifuniko, na karatasi za kunyonya. Tumia ngozi ya nguruwe, maana inakaribiana sana na ya binadamu. Waulize wenzako mapema nani yuko radhi kuishika, usimshtukize mtu mezani. Iache ifikie joto la chumba, ifute ikauke, kisha ivute na kuibana kwa pini juu ya ubao.

Adui mkubwa wa kipimo hiki kwetu pwani ni hewa. Zima feni, funga madirisha. Upepo wa bahari unatosha kuichezesha mizani. Karatasi nayo hunyonya unyevunyevu, kwa hiyo kila moja ikae ndani ya kichupa chake kilichofungwa na ipimwe pamoja nacho. Karatasi moja ya ulinganisho ifunguliwe na kufungwa kwa muda uleule bila kugusa maji.

Vuta 0.1 ml, toa mapovu, pima bomba pamoja na sindano. Lishike kwa glavu, maana jasho na mafuta ya vidole hupotosha uzito. Choma kwa pembe ya nyuzi 5 hadi 15, mkato wa ncha ukitazama juu, na usukume polepole mpaka kivimbe kitokee. Subiri sekunde 10 kabla ya kuchomoa. Hapo ndipo wengi huharakisha na maji hurudi. Nyonya kilichovuja kwa karatasi, irudishe kichupani mara moja, upime. Pima bomba tena bila kurudisha kifuniko cha sindano, kisha litupe kwenye boksi la usalama. Tone lililoning'inia nchani usilifute: halikutoka bombani.

Tuchukue mfano. Bomba limepungua 98.7 mg. Karatasi imeongezeka 7.3 mg, ya ulinganisho 1.1 mg; uvujaji ni 6.2 mg. Ndani ya ngozi kuna 92.5 mg. Kwenye nyuzijoto 28, mililita moja ya maji hayo ina uzito wa takriban gramu 1.003, kwa hiyo ni 0.0922 ml. Bomba lenyewe limepunja asilimia 1.6 tu, asilimia 6.2 nyingine imevuja. Kubadilisha aina ya bomba hakutasaidia hapa. Rekebisha kina na kasi ya kusukuma.

Rudia angalau mara 20 kwa kila kifaa, sehemu mpya ya ngozi kila mara, na uandike wastani pamoja na mtawanyiko. Usifute matokeo mabaya. Kivimbe kisipotokea, maji yamepita chini ya ngozi: mizani itasoma dozi kamili, lakini haiko mahali pake. Pasua ngozi kwa wembe uone rangi ya buluu imeishia wapi.