Pedi ya PS4 ya bei nafuu: iminye kwanza, lipa baadaye

Siku ya kwanza nilipokwenda Kariakoo kuulizia pedi, kijana wa dukani alininyooshea kidole duka la dawa ng'ambo ya barabara. Tangu hapo nasema kwa kirefu: pedi za kuchezea gemu za PlayStation 4, yaani PS4, zisizo na waya. Nina banda la gemu Mbagala, PS4 mbili, pedi nne, mechi moja ya FIFA shilingi 500. Madogo wakitoka shule ndiyo zinaanza kuminywa hadi usiku, na mtoto anayefungwa tatu bila hana huruma na pedi ya mtu.

Maandishi usiyaamini. Pedi orijino, DualShock 4, ile ya toleo la 2016, ina namba CUH-ZCT2 mgongoni na mstari mwembamba wa taa unaoonekana juu ya kibao cha kugusa. Feki nazo zina namba hiyohiyo na taa hiyohiyo, tena boksi lao wakati mwingine linapendeza zaidi. Rangi ndiyo kabisa. Nilishanunua ya dhahabu, wateja wakaigombania wiki mbili. Ya tatu mshambuliaji akawa anakimbilia kibendera cha kona peke yake, hakuna aliyegusa kitu.

Huo ndio ugonjwa unaomaliza pedi nyingi. Ndani ya analogi, kile kijiti cha kusukuma kwa dole gumba, mna vipande vinavyosuguana kila unapoisukuma. Vikilika, pedi inadhani bado unasukuma. Orijino nayo huugua, ila kwangu feki zimekuwa zikiwahi. Zipo pedi za kampuni nyingine zenye analogi za sumaku, ambazo hazina msuguano huo. Ukipata inayokubali PS4 kwa bei unayoiweza, chukua, lakini neno "sumaku" liandikwe kwenye risiti.

Sasa kupima. Nenda na simu yenye chaji na bando. Minya kitufe cha Share pamoja na cha PS, usiachie mpaka taa ianze kuwaka na kuzima harakaharaka. Iunge na Bluetooth ya simu, kisha fungua ukurasa wowote wa intaneti wa kupimia pedi za gemu. Kila analogi itaonyesha namba kati ya -1 na 1. Toa vidole. Namba ziwe karibu na 0; ukiona 0.02 si neno, ukiona imeganda 0.15 mrudishie mwenyewe. Halafu zungusha analogi ya kushoto mara ishirini kwa nguvu, toa vidole, tazama tena. Kuna zinazojificha mpaka zichokozwe.

Hamia R2, kitufe cha chini cha nyuma upande wa kulia. Kwenye FIFA ndiyo mbio, kwa hiyo kidole hakibanduki hapo. Iminye polepole: namba ipande taratibu hadi 1. Ikiruka kutoka 0 hadi 1 kwa mkupuo, mpira utacheza, lakini gemu za magari zitakukera, maana gari litakuwa na mwendo mmoja tu. X na duara viminye harakaharaka kama mtu anayepiga pasi kwa hasira. Kila mguso uhesabiwe. Muuzaji akikuna kichwa, mwache akune.

Simu, hata hivyo, si PS4. PS4 ina tabia ya kuihoji pedi, na isiyoitambua huikata baada ya dakika kadhaa. Niliwahi kuuziwa moja iliyosoma vizuri dukani, nilipofika bandani ikawa inakatika katikati ya mechi, na mteja anadai mia tano yake. Kwa hiyo nunua kwa mwenye PS4 ya kujaribia, cheza bila waya zaidi ya dakika kumi. Kama hana, mkubaliane kabla ya kutoa hela kwamba kesho unaweza kurudisha.

Na kabla ya kumgombeza, angalia waya wako. Mara ya kwanza pedi huunganishwa na PS4 kwa waya, kisha unaminya kitufe cha PS. Waya nyingi za simu za bei chee zinapitisha chaji tu, data hazipitishi; hapo pedi nzima kabisa itaonekana haisomi. Mimi natembea na wangu.

Betri ya orijino ni mAh 1000. Ya feki nimekuta imeandikwa 400, ambayo kwangu haifiki jioni. Kuiona ni kufungua skrubu nne za mgongoni, na kuibadilisha hakuhitaji kuchomelea, inachomekwa tu. Ndiyo maana betri chovu hainitishi. Naitumia kuombea punguzo.

Ukiniuliza feki mpya au orijino ya mtumba kwa bei ileile, mimi nachukua mtumba, mradi ifunguliwe mbele yangu, isiwe na kutu ndani, na analogi zipite kipimo cha simu. Feki nanunua moja tu, ya akiba, Ijumaa ambapo banda linajaa.

Mwenye PS5 asinunue hii kwa matumaini makubwa. Itafanya kazi humo kwenye gemu za PS4 peke yake. Za PS5 zinataka pedi yao, DualSense.