Kabla Hujatoa Arbuni ya Nyumba ya Kwanza

Nyumba tuliyoipenda ilikuwa Mbagala, Dar es Salaam, vyumba vitatu na mwembe uani, bei yake ikilingana na akiba yetu ya miaka tisa. Dalali akasema kuna mteja mwingine anakuja saa kumi. Mchana uleule tukatoa arbuni, malipo ya awali ya kushikilia nyumba, ya milioni tatu, tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari. Muuzaji alikuwa kijana mpole. Mama yake alikaa kibarazani akichambua mchicha, na tangu tuingie hadi tunatoka hakutamka neno. Ukimya ule ndio niliopaswa kuuliza. Nyumba ilikuwa ya marehemu mumewe, na kijana alichokuwa nacho mkononi ni muhtasari wa kikao cha ukoo, saini nne na dole gumba mbili.

Muhtasari wa ukoo humpendekeza mtu tu. Anayempa mamlaka ya kugusa mali ya marehemu ni mahakama. Kwa hiyo ukiambiwa nyumba ni ya urithi, omba barua ya usimamizi wa mirathi, nakili namba ya shauri, nenda mwenyewe masjala ya mahakama hiyo ukaulize. Kisha waulize warithi, mmoja mmoja, hata walio mbali. Dada wawili wa yule kijana walikuwa Songea. Waliposikia, wakaweka pingamizi, na arbuni yetu ikarudi kwa vipande vipande kwa muda wa miezi kumi na moja.

Muuzaji akiwa hai na nyumba ni yake, bado kuna mwenzi wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mume au mke. Usipokee fomu ya ridhaa iliyoletwa imeshasainiwa. Kaa na mwenzi huyo mwenyewe, msikie akisema kwa mdomo wake.

Kama kuna hati ya kumiliki ardhi, nakala kivuli yake haitoshi, maana nakala haionyeshi rehani ya benki wala zuio lililowekwa jana. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kwa namba ya kiwanja na kitalu. Mtumie wakili uliyemtafuta wewe; yule anayekuja na dalali usimkubali. Angalia pia muda: hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na huhesabiwa tangu siku ya kumilikishwa, kwa hiyo huenda sehemu kubwa imeshaliwa. Risiti za kodi ya pango la ardhi, ile inayolipwa serikalini kila mwaka, zidaiwe hapohapo.

Pasipo na hati, mashahidi wako ni majirani wa pande nne na ofisi ya serikali ya mtaa. Rudi jioni bila dalali, uwasalimie, uulize mpaka unapita wapi na nani aliwahi kugombana na nani. Uliza na habari ya hifadhi ya barabara, ardhi ya kando ya barabara isiyoruhusiwa kujengwa. Bomoabomoa ya mwaka 2017 kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, iliwakuta watu waliokwisha kuzeeka kwenye nyumba zao.

Halafu kodi. Muuzaji akikwambia bei ni "safi mkononi", ujue anakutupia kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya mauzo, ambayo kisheria ni yake. Bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba imelipwa, uhamisho hausajiliwi, na unabaki na nyumba yenye jina la mwingine. Ushuru wa stempu, asilimia 1, utenge pamoja na ada ya wakili kabla hujaanza kupatana bei.

Arbuni, ikibidi kutolewa, iandikwe kwa wakili, itaje siku ya kurudishwa endapo upekuzi utaonyesha dosari, na iingie benki kwenye akaunti yenye jina lilelile la mwenye mamlaka ya kuuza.