Jinsi ya kusoma John Lange, yaani Crichton kabla hajawa Crichton

Mtu wa umri wangu aliyekulia Mwanza lazima ameiona Jurassic Park, na wengi wetu tuliionea kwenye kibanda cha video, mmebanana kwenye benchi la mbao, joto hadi shati linaganda mgongoni, halafu lile jicho la dinosa linatokea dirishani watoto wote mnarudi nyuma kwa mpigo mmoja na benchi linapinduka. Wachache ndo wanajua kwamba ile movie ya 1993 ilitoka kwenye kitabu cha 1990 cha Michael Crichton, na wachache zaidi wanajua kwamba huyo Crichton, kabla hajawa jina kubwa, alitoa vitabu vinane vya mbio mbio kwa jina la uongo, John Lange, kuanzia 1966 hadi 1972. Nimevisoma vyote vinane, kimoja nilikinunua mara mbili kwa ujinga wangu (ntafika huko), na kwa kuwa kuna watu wawili watatu wananisumbua niwaelekeze waanzie wapi, bora niandike mara moja yaishe.

Kwanza elewa vilitokea wapi, maana usipoelewa hilo utavichukia. Jamaa alikuwa anasomea udaktari Harvard na hela ilikuwa tatizo. Sisi tuliosoma kwa bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, tunaijua ile hali ya katikati ya semesta, bumu limeisha unaishi kwa chai ya rangi na maandazi ya kukopa. Yeye bumu lake lilikuwa taipureta. Wikiendi na likizo anakaa anagonga stori, anaiuza, anarudi darasani. Kwa hiyo hivi ni vitabu vya kulipia ada, vimeandikwa haraka ili visomwe haraka, na ukivisoma taratibu kama unajiandaa na mtihani wa fasihi vinakufa mikononi mwako. Hata hilo jina ni utani: jamaa alikuwa mrefu kupita mita 2, na kwa Kijerumani "lang" ni refu. Alikuwa na jina jingine la uongo, Jeffery Hudson, ambalo kalitoa kwa kibete aliyekuwa anaishi kwenye kasri la malkia wa Uingereza karne ya 17. Mtu wa kimo kile anajiita kwa jina la kibete, basi ujue alikuwa anajifurahisha.

Kama umesoma Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, umeshajiandaa nusu. Musiba alitoa Kufa na Kupona 1974, miaka ileile, na mchezo ni uleule, mwanaume mmoja, mji wa ugenini, hoteli nzuri, mrembo usiyejua yuko upande gani, na risasi. Tofauti ni kwamba Gamba katumwa na serikali na anajua kazi yake, wakati watu wa Lange wengi ni watu wa kawaida walioingia kingi, daktari yuko likizo, wakili katumwa kununua nyumba Nice, ghafla kuna watu wanataka kuwaua na hawajui kosa lao ni nini.

Sasa usianze na cha kwanza. Najua wengi mnapenda kufuata mwaka, ila Odds On ya 1966 ndo mkono haujakomaa, majambazi watatu wanataka kuibia hoteli kule Hispania kwa mpango uliopigwa hesabu na kompyuta. Wazo ni tamu, maana kompyuta ya 1966 ilikuwa dude la kujaza chumba, ila katikati anapotea kwenye mambo ya vitandani hadi unasahau kuna wizi. Anza na Zero Cool ya 1969.

Ngoja niwaonyeshe kwa nini, maana hapa ndo mbinu yake yote ilipo. Daktari anaitwa Peter Ross, yuko Hispania, nusu mkutano nusu kula bata ufukweni. Wanakuja watu wanamwomba afanye uchunguzi wa maiti, hela ipo. Wanakuja wengine wanamwambia ukiigusa hiyo maiti tunakuua. Simama hapo kidogo. Ross ni daktari wa picha za eksirei, kazi yake kuangalia mifupa kwenye filamu, kupasua maiti siyo fani yake. Ni kama uende Kirumba pale Mwanza umchukue fundi simu umwambie akutengenezee injini ya boti, tena umlipe mara tatu. Ukiona hivyo unajua hao watu hawataki fundi, wanataka kitu kingine. Msomaji anashtuka hapo, Ross anashtuka baadaye sana, na ile nafasi kati ya wewe kushtuka na yeye kushtuka ndo inakufanya ufunue kurasa. Hakuna uchawi mwingine.

Kwa hiyo mbinu yangu, na naomba muijaribu kabla hamjanicheka: chukua karatasi uiweke ndani ya kitabu, au notsi kwenye simu, halafu kila mtu anayempa mhusika kazi mwandike mstari mmoja, kasema nini na kaahidi bei gani. Basi. Kwenye Lange karibu kila anayetoa ajira anadanganya, na bei ikiwa kubwa kuliko kazi ujue uongo uko hapohapo. Kwenye Grave Descend ya 1970 mzamiaji wa Jamaica anaitwa McGregor anaajiriwa kwenda kuiangalia yoti iliyozama, maelezo ya waliomwajiri hayashikani, na mimi niliyekuwa na karatasi niligundua kitu kuhusu muda ambacho asiye na karatasi atakipita tu. Siwaambii nini.

Hiyo Grave Descend niseme kitu pembeni. Sisi wa huku habari ya chombo kuzama na wazamiaji kushuka chini hatuisomi kama watu wa sehemu nyingine, mtu aliyekuwepo Mwanza tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama hasahau. Kitabu chenyewe hakina msiba wa namna hiyo, ni yoti ya tajiri na mambo ya bima, ila kama maji yanakugusa vibaya kiruke uende Easy Go, hutapungukiwa.

Easy Go ni ya 1968 na ndo ninayoipenda kuliko zote. Msomi wa mambo ya Misri ya kale anasoma maandishi anakuta yanataja kaburi la farao ambalo hakuna aliyewahi kulifukua, na badala ya kutangaza ugunduzi anatafuta watu wa kwenda kuiba. Sasa Lange hana haraka ya kukupeleka kwenye dhahabu. Anakukalisha jangwani na vumbi, kuchimba, kuchoka, kuogopa wakaguzi, kugombana kwa sababu ya joto. Kuna watu wanasema hapo kati panaboa, mi nasema hao hawajawahi kuchimba chochote. Mtu aliyewahi kukaa machimboni Geita wiki tatu bila kuona hata punje ataelewa kabisa wale jamaa wanajisikiaje. Na stori yote inaenda kando ya Nile, maji yanayotoka kwenye ziwa letu hili, nikiwa nimekaa kwenye mawe nakisoma, ziwa liko mbele, aisee ilikuwa raha yake.

Na hapa ndo ule ujinga wangu. Easy Go ilitolewa tena 1974 kwa jina The Last Tomb. Mi nikaona The Last Tomb, John Lange, makaburi, nikasema hiki sijakisoma, hela ikaenda, ukurasa wa pili nakutana na watu walewale. Kwa hiyo kabla hujalipia soma kurasa za mwanzo za bure, duka la vitabu vya kwenye simu linakupa kionjo, na angalia mwaka wa kwanza wa kuchapwa. Pia majina kwenye jalada yanachanganya, kampuni ya Hard Case Crime ilianza kuvirudisha sokoni 2006 kwa jina la Lange hivyohivyo, halafu 2013, Crichton ameshafariki tangu Novemba 2008, wakavitoa vyote vinane wakaweka jina lake kubwa na la Lange chini. Ukipata Zero Cool ya 2008 kuendelea ni bahati, maana mwenyewe aliiongezea sehemu mpya mwanzoni na mwishoni.

Kingereza kisikutishe. Sentensi zake fupi, mazungumzo mengi, mtu wa kidato cha nne anafika. Kosa ninaloliona ni mtu kusimama kila neno kutafuta maana, ukurasa mmoja nusu saa, siku ya tatu kaacha. We soma sura nzima kwanza bila kamusi, neno likijirudia mara tatu ndo litafute. Maneno ya hospitali yatakuwa mengi, huyo ni mwanafunzi wa udaktari anaandika, hawezi kujizuia, ila ukiyapita bado stori unaipata. Kwa mara ya kwanza chukua sehemu ambayo huwezi kuondoka. Zamani mi nilikuwa nasomea kwenye foleni ya kivuko Busisi, sura tatu zinaisha gari halijasogea, sasa tangu 2025 kuna daraja la kilomita 3, dakika chache umevuka, raha kwa wote isipokuwa kwa msomaji. Imebaki meli ya Ukerewe, masaa matatu na kitu hadi Nansio, kitabu kimoja cha Lange kinaingia kama kimepimwa.

Ila funika jalada. Hivyo vya Hard Case vimechorwa kwa mtindo wa zamani, bastola na dada aliyevaa kidogo sana. Siku moja kwenye meli nimezama kusoma, pembeni kuna bibi na kapu lake, nikamsikia anaguna.

"Mjukuu wangu, huyo binti wamemwibia nguo?"

"Shikamoo bibi. Hapana, ni picha tu."

"Marahaba. Basi ndani mna nini?"

Nikaanza kumwelezea habari za maiti na daktari wa eksirei, akasikiliza kimya hadi tunakaribia, akasema huyo daktari angeondoka siku ileile ya kwanza. Ni kweli, bibi yuko sahihi kabisa, ila kitabu kingekuwa kurasa nne. Tangu siku hiyo jalada nalifunika kwa gazeti. Na hata ndani, wanawake wa Lange wengi ni mapambo, ni vitabu vya wanaume wa miaka ya 60, ukikutana na ukurasa wa hivyo pita.

Vingine kwa haraka. Scratch One, ya yule wakili wa Nice, nyepesi, ya kusubiria dagaa zikauke. The Venom Business, jamaa anakamata nyoka Mexico na nyoka ndo wanamsaidia kupitisha magendo, wazo kali lakini kitabu kinene kuliko kinavyostahili. Drug of Choice isome baada ya kuwa umeshaona Jurassic Park, kuna kisiwa cha starehe, kuna kampuni inayoahidi raha tupu, utaiona mbegu ya yale mambo yake yote ya baadaye, kampuni inayouza ndoto na ndoto inageuka.

Binary ya 1972 weka mwisho, ndo mkono uliokomaa. Kuna kemikali mbili, kila moja peke yake haina shida, zikikutana ni gesi inayoua kwa wingi, na kuna tajiri anataka kuiachia San Diego rais wa Marekani akiwa mjini. Afisa mmoja, Graves, anakimbizana na saa, na sura zinahesabu muda kweli kweli. Crichton mwenyewe aliigeuza movie ya televisheni mwaka huohuo. Hii usiianze kama simu iko asilimia thelathini. Mi ilinizimikia tunaingia Nansio, Graves kabakiza muda mchache, nikashuka mbio nikatafuta kinyozi mwenye chaja, nikampa buku, nikamalizia nimesimama pembeni ya soketi waya ukiwa mfupi, kinyozi kanisubiri wee, mwishoni akaniuliza, "Sasa bro, tunanyoa au hatunyoi?"