Namna ya Kusomesha Sayansi kwa Kiingereza Darasa la Tano kwa Kufuata Utafiti wa Jim Cummins

Mwalimu wa skuli ya msingi hapa Pemba anayekabidhiwa darasa la tano huwa na kazi mbili katika kipindi kimoja: kusomesha sayansi, na kusomesha lugha inayoibeba sayansi hiyo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ndiyo iliyoelekeza kwamba hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa hilo. Mjadala wa uamuzi huo ni mrefu na siuingii. Ninaeleza namna ya kuandaa somo ili mtoto atoke na maana, nikitegemea kazi za Jim Cummins, mtaalamu mzaliwa wa Ireland aliyesomesha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada.

Kabla ya kushika chaki, tenganisha mambo mawili ambayo Cummins aliyatenganisha mwaka 1979. Iko lugha ya mazungumzo, ya kusalimiana na kuomba ruhusa, ambayo uso na mikono humsaidia msikilizaji. Na iko lugha ya kitaaluma, ya kueleza sababu na kulinganisha, ambayo maneno hubeba mzigo karibu wote. Katika utafiti wake wa 1981 juu ya watoto wahamiaji wa Toronto, ya kwanza ilipatikana kwa takriban miaka 2, lakini kuwafikia wenzao katika ya pili kulichukua miaka 5 hadi 7. Miaka hiyo tusiifanye kipimo cha watoto wetu, kwani mtoto wa Toronto hukisikia Kiingereza dukani na njiani, ilhali wa Micheweni hapa Pemba hukiacha darasani kengele inapolia.

Kwa hiyo, usidhani darasa limeelewa kwa kuwa linaitikia kwa pamoja. Sisi tuliopitia chuo cha Kurani tunalijua hili vizuri: mtoto huweza kuhitimu msahafu kwa matamshi safi kabla hajasomeshwa maana ya aya, wala hakuna anayemlaumu, kwa sababu inaeleweka kwamba maana ina wakati na mwalimu wake. Katika sayansi, wakati huo mara nyingi haupangwi.

Upange wewe, na uanze kwa Kiswahili. Cummins anashikilia kwamba lugha mbili za mtu mmoja hutegemea ujuzi mmoja wa ndani, kama visima viwili vinavyochota mkondo mmoja. Ikiwa somo ni uvukizi, usianze kwa kuandika "evaporation" ubaoni. Uliza kwa nini karafuu zilizoanikwa juu ya jamvi huwa nyepesi siku ya tatu, na kwa nini siku za mawingu huchelewa. Watasema zimekauka, usiridhike, kwani hilo ni jina la tukio tu, sababu bado. Uliza maji yamekwenda wapi. Mara ya kwanza nilipouliza hivyo, darasa lilinyamaza kimya, kisha mtoto wa nyuma akasema, "Yamenywewa na jua." Niliyaandika maneno yake kama yalivyo, maana yalikuwa na nusu ya ukweli, na tukatumia robo saa kubishana iwapo jua hunywa au hupasha joto maji yakapanda hewani. Aliyekuwa akisema Kipemba kitupu nilimwacha aseme.

Ndipo ulete Kiingereza, vitu vikiwa bado mbele ya macho. Weka visahani viwili vya maji, kimoja juani na kingine kivulini, usomeshe maneno matano au sita, halafu toa sentensi yenye pengo: "Water evaporates faster in the sun because ..." Kazi ibaki nzito kifikra, lakini iwe na vya kushikika, vipindi vinavyofuata uondoe msaada kidogo kidogo, mpaka mtoto abaki na maneno yake. Katika daftari, ukurasa wa kushoto aandike maelezo kwa Kiswahili na wa kulia kwa Kiingereza, akitunga upya badala ya kufasiri neno kwa neno. Huko Kanada, Cummins na walimu walioshirikiana naye waliwaandikisha watoto vitabu vyao wenyewe vya lugha mbili.

Hapa pana hadhari ambayo wengi huipita. Cummins aliweka sharti: ujuzi huhamia lugha ya pili iwapo mwanafunzi anaipata lugha hiyo ya kutosha na ana hamu nayo. Mwalimu anayeeleza kila kitu kwa Kiswahili, akaacha dakika tano za mwisho kunakilisha maelezo ya Kiingereza, hajatimiza sharti hilo, hata kama darasa lake lilichangamka.

Unaposahihisha, toa alama ya dhana mbali na alama ya lugha. Aliyeandika kwa sarufi mbovu kwamba joto huharakisha uvukizi ameijua sayansi, naye anahitaji msaada tofauti na aliyenakili sentensi safi asiyoielewa. Baada ya wiki moja, ondoa visahani na karafuu, uliza kwa Kiingereza kwa nini kanga iliyofuliwa hukauka upesi siku ya upepo, kisha usikilize nani anajibu bila kutazama daftari.