Madonge ya mkate ya Tirol kwa supu ya Arusha

Kwenye mashamba ya milimani ya Tirol, pande zote mbili za mpaka wa Austria na Italia, zamani mkate ulikuwa ukiokwa mara chache tu kwa mwaka, kisha unapangwa kwenye vichanja ukauke. Ukishakuwa mgumu, ulikatwakatwa, ukalowekwa kwa maziwa na mayai, ukafinyangwa madonge na kuchemshwa. Wenyewe huyaita Knödel. Ni chakula cha kale: kwenye kanisa dogo la ngome ya Hocheppan, karibu na Bolzano, kuna mchoro wa ukutani wa yapata mwaka 1200 unaomwonyesha mwanamke akila madonge hayo. Mpaka leo, Oktoba na Novemba, msimu wa Törggelen, watu huenda kwa wakulima kuonja divai mpya na njugu za mti zilizochomwa ziitwazo chestnati, na madonge hayakosekani mezani.

Arusha mahitaji yote yanapatikana, na baridi ya Juni na Julai inakitaka chakula hiki. Kinachowaangusha wapishi wengi ni mkate.

Mkate wetu wa slesi ni laini na una sukari. Ukiulowesha ungali mbichi unageuka uji. Ukiongeza unga ili ushikane, unapata mawe. Tafuta mkate usio mtamu, ukate vipande vya sentimita 1 kila upande, utandaze kwenye sinia siku mbili. Kukiwa na mvua au ubaridi hautakauka, utaota ukungu. Hapo tumia oveni ya nyuzi 100 kwa nusu saa, au kikaango kikavu juu ya moto mdogo ukigeuzageuza. Usiuache uwe kahawia. Kipande kilicho tayari ukikibana kwa vidole kinavunjika, hakibonyei.

Kwa madonge 8, yanayotosha watu 4: mkate gramu 300 (pima baada ya kukauka), maziwa mililita 300, mayai 3, kitunguu maji 1, siagi kijiko 1 cha chakula, bekoni gramu 120, unga wa ngano vijiko 2 vya chakula, kitunguu majani fungu dogo, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga, na kungumanga ya kukwaruza kidogo.

Kule Tirol hutumia Speck, paja la nguruwe lililotiwa chumvi na viungo, likafukizwa moshi kidogo na kukaushwa kwa hewa. Bekoni ya buchani inafaa. Asiyekula nguruwe atumie nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, au jibini gumu, au spinachi iliyochemshwa. Madonge ya jibini na ya spinachi yapo huko huko Tirol, si kubahatisha. Spinachi ikamue mpaka isitoe tone, na maziwa yapunguze kwa nusu.

Katakata bekoni vipande vidogo vya nusu sentimita. Vikubwa hupasua donge likiwa jikoni. Kaanga pamoja na kitunguu kwa siagi mpaka kitunguu kilainike, acha vipoe, umwagie mkate. Piga mayai na maziwa ya vuguvugu, mimina theluthi mbili kwanza, changanya kwa mkono bila kukanda, subiri dakika 10, ndipo uone kama iliyobaki inahitajika. Mchanganyiko uwe na unyevu lakini vipande vya mkate bado vionekane. Tia viungo, majani na unga, funika, uache dakika 20 nyingine. Ukiruka mapumziko haya, katikati ya donge kutabaki na mkate mkavu.

Lowesha mikono, finyanga donge moja la ukubwa wa limau kubwa, ulibane vizuri lisiwe na nyufa. Lichemshe peke yake kwanza. Likisambaratika, ongeza kijiko cha unga. Likiwa gumu, ongeza maziwa vijiko viwili. Usifinyange mengine kabla ya kuona jibu.

Pika kwenye sufuria pana yenye maji ya chumvi. Maji yakishachemka, tia madonge na upunguze moto mpaka uso wa maji utikisike tu. Mchemko wa nguvu huyavunja. Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo yape dakika 18 badala ya zile 15 za kawaida. Kuelea si dalili ya kuiva. Toa moja, lipasue: katikati kusiwe na ute wa yai.

Supu iwe ya mifupa ya ng'ombe, iliyoenguliwa povu na kuchujwa. Usiyapike madonge ndani yake, itachafuka. Weka mawili kwa bakuli, nyunyizia kitunguu majani. Mezani hayakatwi kwa kisu. Tirol hilo ni kumwambia mpishi kuwa madonge yake ni magumu. Yamegwe kwa uma au kijiko.

Asiyetaka supu ayale na kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, ikafikichwa na chumvi, siki na kisibiti. Bizari nyembamba haifai hapa, ladha yake ni nyingine kabisa. Yanayobaki yalaze kwenye friji, asubuhi uyakate vipande, uyakaange kwa siagi mpaka yashike rangi, kisha umwagie mayai mawili yaliyopigwa.